Mfumuko wa bei umeshuka, mbona bei hazijashuka?

Swali: "Ofisi yetu ya takwimu imetangaza kuwa mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 4. Miaka mitatu iliyotangulia ulikuwa asilimia 6, ukapanda hadi 12, kisha ukawa 9. Lakini mimi sioni kitu hata kimoja ninachonunua leo kwa bei nafuu kuliko mwaka jana. Mwajiri wangu ameniongezea mshahara kwa asilimia 5 na kuniambia nimefaidi, kwa kuwa nyongeza imezidi mfumuko. Katika miaka hiyo minne niliongezwa mara moja tu kabla ya hii, nayo ilikuwa asilimia 5 vilevile. Nchi yetu ni ndogo, karibu kila kitu kinaagizwa kutoka nje. Je, takwimu hizi zinapikwa? Na akiba yangu iliyoko benki kwa riba ya asilimia 6, niibadilishe yote iwe dola kama wanavyofanya wenzangu kazini?"

Ndugu msomaji, nitaanza na mshahara wako, kwa sababu hapo ndipo unapoumia mwezi huu. Hukufaidi. Kwa tarakimu ulizoniandikia mwenyewe, mshahara wako wa leo unanunua pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na ule uliokuwa ukipokea miaka minne iliyopita. Jambo linalosikitisha ni kwamba mwajiri wako huenda hakudanganya hata neno moja. Nyongeza ya asilimia 5 kweli inazidi mfumuko wa asilimia 4. Amechagua tu kupima mwaka mmoja na kuiacha mitatu iliyotangulia.

Kosa hili linafanywa na watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari, na chanzo chake ni neno lenyewe. Mfumuko wa bei ni kasi. Unaeleza bei zinapanda kwa mwendo gani, na haukuambii zimefika wapi. Mtu anayepanda mlima akipunguza mwendo hajaanza kuteremka. Bado anapanda, ila polepole. Mfumuko uliposhuka kutoka asilimia 9 hadi 4, bei ziliendelea kupanda juu ya zile za mwaka uliopita, ambazo nazo zilikuwa zimeshapanda juu ya za mwaka wa nyuma yake. Ili bei kwa jumla zishuke, mfumuko ungelazimika kuwa chini ya sifuri.

Kinachokuambia bei zimefika wapi ni fahirisi ya bei, yaani namba moja inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla ukilinganisha na mwaka wa kuanzia. Chukua karatasi tufanye hesabu pamoja. Tuseme miaka minne iliyopita fahirisi ilikuwa 100. Mwaka wa kwanza, kwa mfumuko wa asilimia 6, ikawa 106. Mwaka wa pili bei zikapanda kwa asilimia 12, lakini asilimia hizo zinahesabiwa juu ya 106, kwa hiyo ikafika 118.7. Mwaka wa tatu ikawa 129.4. Mwaka huu, pamoja na hiyo asilimia 4 inayosifiwa, imefika 134.6. Ukijumlisha tu 6, 12, 9 na 4 unapata 31, na watu wengi huishia hapo. Ukweli ni karibu asilimia 35, kwa sababu kila ongezeko linakaa juu ya mgongo wa lililotangulia.

Sasa mshahara. Nao ukiuanzia 100, nyongeza ya kwanza iliufikisha 105 na hii ya pili 110.25. Gawanya 110.25 kwa 134.6, utapata 0.82. Hapo ndipo asilimia 18 zilipopotelea. Ili urudi ulipokuwa, si kutajirika, ungehitaji nyongeza ya asilimia 22 juu ya mshahara wako wa sasa. Sisemi utaipata. Nasema ukikaa mezani na mwajiri, au chama chenu cha wafanyakazi kikikaa naye, mazungumzo yaanzie kwenye fahirisi ya tangu mara ya mwisho mshahara ulipokuwa sawa na mahitaji, yasianzie kwenye asilimia ya mwaka mmoja. Anayechagua mwaka wa kuanzia hesabu ndiye anayechagua jibu.

Kuna jambo jingine linaloifanya asilimia ishuke bila maisha kubadilika. Fikiria nchi ambayo bei zake zimetulia kabisa, kisha mwezi mmoja sarafu inaporomoka na bei zinaruka kwa asilimia 12 kwa mpigo. Baada ya hapo hazipandi tena wala hazishuki. Kwa kuwa kila mwezi hulinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, ofisi ya takwimu itatangaza asilimia 12 kwa miezi kumi na miwili mfululizo. Mwezi wa kumi na tatu mruko ule unaingia pande zote mbili za ulinganisho, na mfumuko unakuwa sifuri. Siku hiyo hakuna bei iliyosogea, lakini magazeti yatashangilia. Ndiyo maana ukitaka kujua bei zinaelekea wapi sasa, tazama pia mabadiliko ya mwezi hadi mwezi katika taarifa ileile. Mwezi mmoja peke yake huyumba kwa misimu. Mitatu au minne ikifuatana inaanza kusema kitu.

Umegusia udogo wa nchi yenu, na ulipatia. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo zima. Nchi kubwa ikinunua kidogo, bei ya dunia inatikisika. Nchi ndogo ikinunua au isiponunua, soko la dunia halina habari nayo. Inapokea bei kama zilivyo. Bei ya bidhaa inayoagizwa hujengwa hivi: bei ya kiwandani kwa dola au yuro, kuzidisha kiwango cha kubadilishia fedha, kisha nauli ya meli na bima, ushuru, na faida ya muagizaji, ya muuzaji wa jumla na ya muuzaji wa rejareja. Angalia kwamba kiwango cha fedha hakijumlishwi, kinazidishwa. Bei ya dunia ikipanda kwa asilimia 10 na dola ikapanda kwa asilimia 20 dhidi ya sarafu yenu, gharama haipandi kwa 30, inapanda kwa 32. Na kwa kuwa ushuru wa forodha mara nyingi hutozwa kama asilimia ya thamani ya mzigo, aghalabu pamoja na nauli na bima, ushuru nao unapanda wenyewe bila bunge kubadilisha sheria.

Ushelisheli walilipitia hili kwa ukali. Kwa miaka walishikilia rupia yao kwa kiwango ambacho uchumi haukuweza kukibeba. Fedha za kigeni zikaadimika, soko la magendo la dola likastawi, serikali ikashindwa kulipa madeni ya nje. Novemba 2008, chini ya mpango na Shirika la Fedha la Kimataifa, rupia ikaachiwa ielee, nayo ikapoteza takriban nusu ya thamani yake. Mwishoni mwa mwaka huo mfumuko ulikuwa umepita asilimia 60. Iceland mwaka huohuo benki zake kubwa zilianguka mwezi Oktoba, krona ikaporomoka, na Januari 2009 mfumuko ukafika karibu asilimia 19. Hizi ni nchi mbili zisizofanana kwa utajiri wala hali ya hewa, lakini njia ilikuwa ileile: sarafu ilianguka kwanza, bei zikafuata kwa miezi michache.

Huenda utauliza, kwa nini basi nchi ndogo isifunge sarafu yake kwenye sarafu kubwa na kumaliza mchezo? Baadhi wamefanya hivyo. Komoro, faranga yao imefungwa kwa yuro, na kabla ya hapo ilifungwa kwa faranga ya Ufaransa. Hilo limewapa utulivu wa miaka mingi. Lakini Januari 1994 kiwango kilibadilishwa, na faranga moja ya Ufaransa iliyokuwa sawa na 50 za Komoro ikawa 75 kwa siku moja. Na mwaka 2022, mafuta, nafaka na nauli za meli zilipopanda duniani kote, mfumuko wao ulipita asilimia 10 ingawa kiwango chao na yuro hakikusogea hata nukta. Kufunga sarafu kunazuia mlango mmoja. Bei ya dunia inaingia kwa mwingine. Ekwado nao walikwenda mbali zaidi, wakaacha kabisa sarafu yao mwaka 2000 na kutumia dola ya Marekani. Hata hivyo mwaka huohuo mfumuko ulizidi asilimia 90, kwa sababu bei zilikuwa bado zinalipia anguko la sarafu ya zamani. Ilichukua miaka mitatu hivi kufika chini ya asilimia 10.

Hili ndilo linalonifanya niwe mpole kidogo kwa benki kuu za nchi ndogo, ingawa wananchi huzilaumu kwa kila kitu. Benki kuu ikipandisha riba haizalishi mafuta wala haipunguzi nauli ya meli. Mahali ambapo wananchi wachache tu wana mikopo ya benki, riba inafika mbali kwa shida. Inachoweza kufanya ni kulinda sarafu isikimbiwe, na kuzuia ule mruko wa kwanza usizae miruko mingine: muuzaji anapandisha leo kwa kuhofia ya kesho, mfanyakazi anadai zaidi, muuzaji anapandisha tena. Ikishindwa hapo, au ikilazimishwa kuchapisha noti za kulipia nakisi ya serikali, lawama ni halali. Zimbabwe ilifika mfumuko rasmi wa asilimia milioni 231 mwezi Julai 2008. Huko hapakufikiwa kwa sababu ya bei ya mafuta duniani.

Bado hatujajibu kwa nini bei ikishapanda hairudi. Sehemu ya jibu ni kwamba mruko wa bei za nje ukishaingia nchini hugeuka kuwa gharama za ndani. Kodi za pango huandikwa upya, mishahara michache huongezwa, nauli hupangwa upya. Hata dola ikishuka baadaye, gharama hizo hazishuki nayo. Sehemu ya pili ni mbaya zaidi, na ni ya nchi ndogo hasa: waagizaji ni wachache. Soko likiwa na watu milioni moja au pungufu, mara nyingi bidhaa moja inaagizwa na kampuni mbili au tatu. Gharama ikipanda wanapandisha wiki hiyohiyo. Ikishuka wanasubiri, kwa kisingizio cha mzigo wa zamani, na hakuna mshindani wa kuwaharakisha. Ukiniuliza serikali ya nchi ndogo ielekeze wapi nguvu zake, nitasema hapa, kwenye ushindani wa waagizaji na kasi ya bandari. Bei elekezi huvutia kisiasa, na kwa wiki chache katika dharura zinaweza kuzuia ulanguzi, lakini zikidumu bidhaa hutoweka na kuibuka tena mlango wa nyuma kwa bei ya juu zaidi.

Je, takwimu zinapikwa? Imewahi kutokea. Ajentina, kuanzia 2007, takwimu rasmi za bei zilitiliwa shaka kiasi kwamba mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikaripia nchi hiyo rasmi. Kwa hiyo si dhambi kuuliza. Lakini pengo kati ya tangazo na maisha yako si ushahidi wa udanganyifu, kwa sababu fahirisi haipimi maisha yako. Inapima kapu la wastani. Ofisi ya takwimu hufanya utafiti wa matumizi ya kaya, inapata watu hutumia sehemu gani ya fedha zao kwa chakula, pango, usafiri, afya na kadhalika, kisha kila kundi linapewa uzito wake. Na kwa kuwa uzito unatokana na fedha zilizotumika, kaya inayotumia mara kumi zaidi inahesabika mara kumi zaidi. Kapu la taifa linaegemea upande wa wenye nacho.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kaya ikiwa na kipato kidogo, sehemu kubwa zaidi ya fedha zake huishia kwenye chakula. Bado ni kweli. Sasa tuseme katika kapu la nchi yenu chakula kina uzito wa asilimia 35, na mwaka huu chakula kimepanda kwa asilimia 10 wakati vingine vyote vimepanda kwa asilimia 1. Mfumuko rasmi utakuwa 4.15. Kaya ambayo chakula kinakula asilimia 60 ya fedha zake imepata mfumuko wa 6.4. Ofisi ya takwimu imesema kweli, na kaya hiyo nayo imesema kweli.

Udhaifu wa kweli wa takwimu katika nchi ndogo ni mwingine: utafiti wa kaya ni ghali, hivyo kapu hukaa miaka kumi au zaidi bila kubadilishwa, na bei hukusanywa zaidi mjini kuliko vijijini. Ukitaka kupima uaminifu wa ofisi yenu, angalia kama inachapisha uzito wa kila kundi, fahirisi ya kila kundi na mwaka wa utafiti uliotumika. Inayoweka hayo hadharani inakupa silaha za kuikosoa. Inayotoa asilimia moja tu na kufunga mdomo, ihoji.

Na wewe mwenyewe unaweza kupata mfumuko wako. Andika matumizi ya mwezi mmoja, yagawanye katika makundi yaleyale ya ofisi ya takwimu, zidisha kila sehemu kwa ongezeko la kundi hilo, ujumlishe. Ni kazi ya jioni moja. Tarakimu hiyo ndiyo ya kupangia bajeti ya nyumbani. Ya kubishania na mwajiri iwe ile rasmi, kwa sababu hataweza kuikataa.

Tuje kwenye akiba, na hapa nakuomba unisikilize vizuri kabla hujawafuata wenzako. Riba ya asilimia 6 wakati mfumuko ni 4 inakuachia ongezeko la kweli la karibu asilimia 2, kabla ya kodi kama ipo. Si nyingi, lakini iko upande wako. Mwaka ule wa asilimia 12, riba hiyohiyo ilikuwa inakula akiba yako kwa zaidi ya asilimia 5. Wenzako wanakimbilia dola kwa maumivu ya mwaka ule, na mara nyingi watu hukimbia baada ya nyumba kuungua. Turudi Ushelisheli: aliyenunua dola mwisho wa 2008, hofu ilipokuwa juu kabisa, aliiona rupia ikirudisha sehemu nzuri ya thamani yake ndani ya 2009, na mwaka huo uliisha mfumuko ukiwa chini ya sifuri. Alinunua bima baada ya ajali, kwa bei ya ajali.

Dola nazo zina gharama zake. Kuna tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo unaipoteza ukinunua kisha ukauza. Riba ya akaunti za fedha za kigeni aghalabu ni ndogo. Dola yenyewe ina mfumuko wake, uliofika asilimia 9.1 nchini Marekani Juni 2022. Na noti chini ya godoro hazizai chochote, tena zinamwita mwizi. Upande wa pili, ikiwa una gharama utakazolipa kwa fedha za kigeni, mathalani ada ya mtoto anayesoma nje, basi kuweka sehemu ya akiba kwa fedha hiyohiyo ni busara tupu, kwa sababu unalinganisha ulicho nacho na utakachodaiwa. Vivyo hivyo kama unaona akiba ya fedha za kigeni ya nchi inapungua kila mwezi na pengo kati ya kiwango cha benki na cha mtaani linapanuka. Hizo ni dalili za sarafu inayoelekea kuanguka, na zinatangulia bei. Hata hapo ningehamisha sehemu, si yote.

Kwa hali uliyoieleza, ningeacha fedha ya dharura ya miezi mitatu hadi sita katika sarafu unayolipwa na unayotumia, na zinazobaki ningeulizia amana ya muda maalumu au dhamana za serikali za muda mfupi, kama riba yake inazidi mfumuko. Muda mfupi hasa, ili mambo yakibadilika usiwe umefungwa kwa riba ya jana. Na ukiambiwa na mtu yeyote kwamba kuna mahali fedha yako itaongezeka kwa asilimia 10 kwa mwezi "kukimbia mfumuko", ondoka hapo. Miaka ya bei kupanda ndiyo miaka ya mavuno kwa matapeli.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kutoka huku. Kama una mkopo, hasa wa dola huku unalipwa kwa sarafu ya nyumbani, au wa riba inayobadilika, nenda benki ana kwa ana na mkataba mkononi, uombe wakuonyeshe rejesho litakuwa kiasi gani riba ikipanda au sarafu ikishuka kwa moja ya tano. Ukiona marejesho yanapita theluthi ya kipato, usisubiri hadi ushindwe kulipa; anayekwenda mapema hupewa nafasi ya kupanga upya, anayekwenda baada ya kuchelewa hukutana na idara ya madeni. Kama unakaribia kustaafu, muulize msimamizi wa mfuko wako wa pensheni kama malipo yatapandishwa kufuatana na bei au yatabaki palepale, na jibu ulipate kwa maandishi. Kwa suala la mshahara, ofisi ya takwimu itakupa bure majedwali ya fahirisi ya miaka yote minne. Yapeleke kwa chama chenu cha wafanyakazi pamoja na hati zako za mshahara za kipindi hicho, kabla hujatia saini barua ya nyongeza hiyo ya asilimia 5.